Damu Hutangulia, Mishipa Hufuata: Kurudi Mazoezini kwa Mwenye Upungufu wa Kudumu wa Vitamini B12

Watu wengi wanaogundulika kuwa na upungufu wa vitamini B12 hupata nafuu ya haraka baada ya sindano za mwanzo, na ni ndani ya nafuu hiyo ndipo matatizo ya mazoezi huanzia. Mtu aliyekuwa hawezi kupanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini bila kusimama njiani huamka siku ya nne akiwa na hamu ya kula, amechangamka, na anataka kurudia maisha yake yote kwa mkupuo mmoja. Anavaa raba, anatoka alfajiri na wenzake wa mchakamchaka, na baada ya siku mbili yuko kitandani akiamini kwamba dawa haikufanya kazi. Dawa ilifanya kazi. Kilichokosekana ni maelezo kwamba damu, mishipa ya fahamu na misuli haviponi kwa mwendo mmoja, na kwamba mazoezi yanapaswa kupangwa kwa kufuata kile kinachochelewa zaidi, si kwa kufuata hisia za wiki ya kwanza.

Ili jambo hili lieleweke inabidi tuanze na vitamini yenyewe. B12 haitengenezwi na mmea wala mnyama yeyote. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo mno hata ini la mtu mwenye afya huweza kuweka akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana upungufu huu hauji ghafla. Huingia taratibu, mwili ukiuzoea uchovu mwaka hadi mwaka, na mhusika akiusingizia umri, kazi au baridi.

Njia ambayo vitamini hii hupitia mwilini ni ndefu, na inaweza kukatika mahali popote. Asidi na vimeng'enya vya tumboni huibandua kutoka kwenye protini ya chakula. Kisha huhitaji protini maalumu inayotengenezwa na seli za ukuta wa tumbo, ambayo huishika na kuisindikiza hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, ambako ndiko inakofyonzwa. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili hushambulia seli hizo za tumbo pamoja na protini hiyo, na hali hii, ambayo madaktari huiita anemia ya pernisiosa, humfanya mtu akose B12 hata kama anakula nyama kila siku. Wengine hupoteza uwezo huo baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo au utumbo. Wengine wametumia kwa miaka mingi metfomini ya kisukari, au omeprazoli na dawa nyingine za kupunguza asidi, na dawa hizo zikatumika kwa muda mrefu huweza kupunguza ufyonzaji. Si sababu ya mtu kuacha dawa zake mwenyewe. Ni sababu ya kumwomba daktari apime B12.

Wapo pia ambao tumbo lao ni zima ila chakula chao hakina vitamini hii ya kutosha. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, tunakoishi, ni eneo la neema: Rungwe kuna maziwa na ndizi, Kyela kuna mchele na samaki, Njombe kuna viazi na parachichi. Hata hivyo neema hiyo haifiki kila sahani. Katika kaya nyingi ugali, maharage na mboga za majani ndicho chakula cha wiki nzima, na nyama huonekana siku ya sherehe. Chakula hicho ni kizuri kwa mambo mengi, lakini hakina B12. Juisi ya rozela, bitiruti, matembele na mchicha, ambavyo husifiwa kila mtaa kwa kuongeza damu, navyo havina. Vina faida zake, kwa kuwa mboga za kijani huleta foleti na madini ya chuma kiasi, ila mtu aliyepungukiwa B12 anaweza kunywa rozela mwaka mzima na asisogee hatua moja. Kwake yeye usipa wa Ziwa Nyasa, ambao huuzwa kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu, una thamani kubwa zaidi kuliko jagi zima la juisi nyekundu.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo inayoamua tiba ya maisha. Aliyepungukiwa kwa sababu ya chakula anaweza kujazwa akiba yake kisha akajilinda kwa mlo. Ambaye tumbo lake limepoteza ile protini ya kusindikiza atahitaji kupewa vitamini kutoka nje maisha yake yote, kwa sindano au kwa vidonge vya kipimo kikubwa. Vidonge hivyo hufanya kazi kwa sababu takriban asilimia 1 ya B12 inayomezwa hupenya yenyewe bila kusindikizwa. Kidonge cha mikrogramu 1,000 huacha kama mikrogramu 10 mwilini, ilhali kidonge cha kawaida cha B kompleksi chenye mikrogramu chache hakiachi chochote cha maana kwa mtu wa namna hiyo. Hadi miaka ya 1920 anemia ya pernisiosa ilikuwa ikiua. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi kila siku walipata nafuu, na mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Vitamini yenyewe ilitenganishwa mwaka 1948. Nayataja haya kwa sababu kila mara hutokea mgonjwa akaacha sindano baada ya kujisikia mzima, akidhani kwamba amepona, wakati kilichotokea ni kwamba amepewa kile ambacho mwili wake hauwezi kujichukulia. Asipopewa tena, ugonjwa unarudi, na hakuna mazoezi yatakayouzuia.

Sasa tuje kwenye damu. B12 inahitajika ili seli zigawanyike ipasavyo, na uboho wa mifupa, ambao huzalisha chembe nyekundu mfululizo, ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuhisi ukosefu wake. Chembe hukua bila kugawanyika kwa wakati, zinakuwa kubwa, chache na dhaifu, na nyingi hufia ubohoni kabla hazijatoka. Katika majibu ya maabara jambo hili huonekana kwenye mstari wa MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, ambao hupanda na mara nyingi kupita femtolita 100. Lakini mtu akiwa amepungukiwa na madini ya chuma pia, jambo lisilo nadra kwa wanawake, chembe zinazotaka kuwa kubwa na zile zinazotaka kuwa ndogo huweza kutoa wastani unaoonekana wa kawaida kabisa. Kwa hiyo MCV nzuri peke yake haimwondolei mtu shaka, hasa akiwa na ganzi miguuni.

Mahali tunapoishi panaongeza jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam halazimiki kulifikiria. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Iringa mjini nako ni zaidi ya mita 1,500. Mwili wa mkazi wa huku hujirekebisha kwa kutengeneza zaidi hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na kwa sababu hiyo kiwango kinachotosha pwani huku hakitoshi. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na kwa mwanamume akiwa chini ya gramu 13. Lakini mwongozo wake wa mwaka 2024 unaongeza gramu 1.1 kwenye viwango hivyo kwa wanaoishi kati ya mita 1,500 na 1,999. Mwanamke wa Mwanjelwa, Mbeya, mwenye gramu 12.6 ataonekana mzima ikiwa majibu yake yatalinganishwa na kiwango cha jumla tu, na atarudi nyumbani akiambiwa damu inatosha, huku akihema kila anapopanda ngazi. Kwa kipimo cha mwinuko anaoishi, damu yake haijatosha. Anayetaka kurudi mazoezini anastahili kumuuliza daktari wake swali hilo waziwazi: je, kiwango hiki kimezingatia mwinuko wa hapa?

Baada ya sindano, mambo hufuatana kwa mpangilio unaojulikana vizuri. Ndani ya siku moja au mbili watu wengi huanza kujisikia afadhali, kabla damu yenyewe haijabadilika. Siku ya tatu au ya nne chembe changa za damu huanza kuongezeka, na hufikia kilele karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Hemoglobini hupanda baadaye, wiki kwa wiki, na kwa kawaida huchukua kama wiki 8 kufika mahali pake, ikiwa hakuna upungufu mwingine unaoizuia. Kwa hiyo mtu anayejisikia vizuri siku ya nne bado ana damu ileile aliyokuwa nayo alipoingia hospitalini. Moyo wake bado unapiga haraka ili kufidia uchache wa chembe, na akiupa mlima anauongezea mzigo juu ya mzigo.

"Dada, kesho si naweza kwenda mchakamchaka?" huuliza mgonjwa akiwa bado anasugua bega alilochomwa.

"Kesho tembea tu, kaka yangu. Habari ya kukimbia tutaizungumza ukirudi kupima damu."

Jibu la muuguzi huyo ni sahihi kuliko linavyosikika. Siku za mwanzo za tiba, hasa kwa aliyekuwa na upungufu mkali wa damu, uboho huamka kwa nguvu na kuanza kutengeneza maelfu kwa maelfu ya chembe mpya, na chembe hizo huvuta potasiamu kutoka kwenye damu. Potasiamu ikishuka sana misuli hulegea na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Ndiyo sababu wagonjwa waliozidiwa hufuatiliwa kwa karibu katika kipindi hicho, na ndiyo sababu si wakati wa kujaribu mbio. Uzalishaji huohuo hutumia madini ya chuma pia, kiasi kwamba mtu aliyeanza na akiba ndogo ya chuma hupanda vizuri kwa wiki chache, kisha hemoglobini inasimama njiani. Anayeona nafuu yake imekwama mwezi wa pili asikimbilie kulaumu sindano, apimwe chuma.

Wataalamu wengi wa fiziotherapia huzuia mazoezi mazito mtu akiwa na hemoglobini chini ya gramu 8. Katika hali hiyo shughuli za kawaida za nyumbani na kutembea polepole kwenye tambarare zinatosha, na mtu hapaswi kujiona mvivu. Kati ya hapo na kiwango cha kawaida kuna nafasi pana ya mazoezi mepesi yanayoongezwa taratibu.

Mishipa ya fahamu ndiyo sehemu inayosahaulika, nami naona ndiyo inayopaswa kuongoza ratiba nzima. B12 inahitajika kutunza utando wa mafuta unaoizunguka mishipa hiyo, utando unaofanya kazi kama plastiki inayofunika waya wa umeme. Ukichakaa, taarifa husafiri polepole au hupotea. Dalili za kwanza huwa ganzi, kuchomachoma kama sindano na hali ya miguu kuwaka moto, mara nyingi kuanzia kwenye vidole na kupanda juu kwa pande zote mbili. Uharibifu ukifika kwenye uti wa mgongo, unapenda kushika njia za nyuma, zile zinazoupa ubongo habari za mahali ulipo mguu. Mtu mwenye hali hiyo anaweza kuwa na misuli yenye nguvu kabisa na bado asijue mguu wake umekanyaga wapi mpaka autazame.

Huyo hutembea vizuri mchana kwa sababu macho yake yanafanya kazi ya mishipa iliyolemaa. Mnyang'anye macho, na mwili unayumba. Daktari hulipima jambo hili kwa kumsimamisha mgonjwa akiwa amebananisha miguu, kisha kumwambia afumbe macho. Akianza kuyumba au kutaka kuanguka, jibu limepatikana. Humgusa pia kwenye kidole gumba cha mguu kwa chuma kinachotetema ili kuona kama anahisi mtetemo. Jaribio la kufumba macho linaweza kufanyika nyumbani, mradi mtu mzima mwingine asimame karibu tayari kumdaka, na mahali pasiwe na kona ya meza wala jiko la mkaa.

Sasa fikiria mchakamchaka wa huku ulivyo. Watu hutoka saa kumi na moja alfajiri, giza halijatoka, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya ikishuka chini ya nyuzijoto 10, na kule Uporoto au Mufindi ukungu ukifunika barabara. Njia zina makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika. Kwa mtu ambaye miguu yake inategemea macho, hayo ni mazingira mabaya kuliko yote, na kuteremka ni hatari zaidi kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakomchosha. Anayepata nafuu ya damu na kurudi kwenye kundi lake la alfajiri wiki ya tatu anaweza kuwa na pumzi ya kutosha, lakini asiwe na miguu ya kutosha. Baridi nayo huiongezea ganzi miguu ambayo tayari haisikii vizuri, hivyo lengelenge au jiwe ndani ya kiatu hugundulika pale soksi inapokutwa na damu. Kukagua nyayo kila baada ya zoezi, kwenye mwanga, ni sehemu ya zoezi lenyewe.

Mishipa hupona kwa miezi. Wengi huona mabadiliko ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na nafuu huweza kuendelea hadi miezi sita au mwaka. Kinachowatisha watu ni kwamba mwanzoni mwa tiba kuchomachoma kunaweza kuzidi kwa muda kabla ya kupungua. Aliyekaa na upungufu muda mrefu huweza kubaki na ganzi kiasi maisha yote, na huo ndio ukweli unaofanya kuwahi kupimwa kuwe na maana kubwa. Kwa sababu hiyo pia nchini Uingereza mgonjwa mwenye dalili za mishipa huchomwa haidroksokobalamini, aina ya B12 ya sindano, miligramu 1 kila baada ya siku moja mpaka nafuu isiongezeke tena, kisha kila baada ya miezi miwili, ilhali asiye na dalili hizo huchomwa mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili tu kabla ya kuhamia kwenye sindano za kila miezi miwili au mitatu. Mpango wa hapa hupangwa na daktari kulingana na dawa iliyopo.

Hapa lazima nitahadharishe kuhusu vile vidonge ambavyo maduka ya dawa huviita vya kuongeza damu. Vingi vina madini ya chuma na asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, na ni muhimu sana kwa wajawazito. Lakini asidi ya foliki kwa kipimo kikubwa inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12 huku mishipa yake ikiendelea kuharibika. Anajisikia ana pumzi, anarudi kukimbia, majibu ya damu yanapendeza, na ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi magotini. Mwenye ganzi asijitibu kwa vidonge hivyo kabla B12 haijapimwa.

Tukishaelewa hayo, mpango wa kurudi mazoezini haufungwi na tarehe bali na majibu ya mwili. Jambo la kwanza ambalo ratiba nyingi za mazoezi hulisahau ni kwamba mtu wa Nyanda za Juu Kusini mara nyingi hatoki kwenye kiti cha ofisi. Anatoka shambani. Anayelima kwa jembe la mkono asubuhi, akabeba kuni au ndoo ya maji kwenye mteremko, na kwenda sokoni Kabwe kwa miguu, tayari amefanya zoezi, na pengine zito kuliko la mkimbiaji wa mjini. Msimu wa kulima ukifika, saa za jembe zihesabiwe kama mazoezi, na mchakamchaka upunguzwe au usimame kabisa siku hizo. Nimeona ushauri wa afya ukimtaka mkulima aongeze dakika 30 za kutembea haraka kila siku bila kumuuliza amelima kiasi gani, na ushauri huo kwa mgonjwa wa B12 si wa haki.

Kwa mtu ambaye kazi yake si ya nguvu, kutembea ndiko mwanzo. Dakika 10 hadi 15 kwenye ardhi tambarare, jua likiwa limetoka, mara tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuongea sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Tambarare ni adimu huku, kwa hiyo uwanja wa mpira wa shule ni bora kuliko barabara: hauna bodaboda, hauna makorongo, na ukichoka nyumbani si mbali. Mkazi wa Iringa aanzie Kihesa au mjini juu na aiache barabara ya Ipogolo, kwa sababu kila anayeteremka Ipogolo kwa miguu atapaswa kupanda tena akiwa amechoka tayari.

Kipimo cha kweli ni mwili wa kesho yake. Mtu akiamka siku inayofuata akiwa na uchovu wa kawaida unaoisha kufikia mchana, alifanya kiasi kinachomfaa na anaweza kurudia kiasi hichohicho kwa wiki nzima kabla ya kuongeza dakika mbili au tatu. Akiamka amelegea, mawazo yamezama kwenye ukungu na ganzi imezidi, na hali hiyo ikadumu siku mbili, alivuka mpaka wake. Hapo apunguze hadi nusu, asisimamishe kabisa. Kosa la kawaida ni kupeana zamu kati ya siku moja ya kujiua kwa kukimbia na siku nne za kulala, mwenendo ambao haujengi misuli wala pumzi. Milima huja baadaye, hemoglobini ikishafika kwenye kiwango cha mwinuko wa hapa, na hata hapo huanza kwa kupanda mwinuko mfupi na kupumzika juu kabla ya kuteremka polepole.

Misuli iliyokaa bila kazi kwa miezi hudhoofika yenyewe, bila kujali vitamini, nayo ina mahitaji yake. Kuinuka kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, kuchuchumaa nusu na kusimama, na kuinuka kwa vidole vya miguu huku ukishika ukuta, seti mbili za kumi kila baada ya siku moja, vinatosha kwa kuanzia. Mwenye ganzi aongeze zoezi la usawa: asimame kwa mguu mmoja akishika meza, kisha kwa kidole kimoja tu mezani, atembee kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine kando ya ukuta. Mazoezi hayo hayarudishi utando wa mishipa, lakini huufundisha ubongo kutumia vizuri taarifa chache zinazofika, na kwa mtazamo wangu yana faida kubwa kwa mgonjwa huyu kuliko kilomita yoyote ya kukimbia.

Wagonjwa wengi husema kwamba mazoezi yanamaliza B12 yao, na kwamba siku za mwisho kabla ya sindano inayofuata hawawezi kitu. Sehemu hizi mbili za malalamiko zinahitaji kutenganishwa. Misuli haiichomi B12 kama inavyochoma sukari. Vitamini hii husaidia vimeng'enya kufanya kazi na hutumika tena na tena, kwa hiyo kukimbia kilomita tano hakumalizi akiba. Uchovu wa baada ya zoezi una maelezo mengine: damu ambayo haijafika kiwango chake, upungufu wa chuma, misuli iliyolegea, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ambayo huandamana mara nyingi na anemia ya pernisiosa kwa kuwa chanzo chake ni kinga ileile ya mwili. Lakini kurudi kwa dalili mwishoni mwa kipindi cha sindano ni jambo ambalo daktari anapaswa kulisikiliza. Kupima kiwango cha B12 kwenye damu muda mfupi baada ya sindano hakusaidii sana, kwa sababu namba itakuwa juu tu. Kinachosaidia ni daftari: tarehe ya sindano, dakika za mazoezi, hali ya kesho yake, na ganzi imefika wapi. Daftari la miezi mitatu likionyesha kwamba kila mara dalili hurudi wiki ya nane, mgonjwa ana hoja ya kumwomba daktari asogeze sindano karibu, na hadi hapo anaweza kupanga wiki hizo za mwisho ziwe za kutembea na si za kukimbia.

Maumivu ya kifua, moyo kwenda kasi bila kutulia baada ya kupumzika, kuzimia, miguu kulegea ghafla au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kwenda hospitalini siku hiyohiyo.

Wapo wanaolenga mbali zaidi, na hawakatazwi. Mtu ambaye damu yake imetulia na mishipa yake imepona anaweza kujiandaa kwa mbio kama za Tulia Marathon ya Mbeya sawa na mtu mwingine, akijipa miezi na si wiki. Sindano ya B12 haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na Wakala wa Dunia wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Michezoni, na ujazo wake wa mililita moja hivi uko mbali sana na kikomo cha mililita 100 ndani ya saa 12 ambacho kanuni zimeweka kwa dawa zinazoingizwa kwenye mshipa wa damu. Wenzake wazima wa kundi la mazoezi wakitaka nao wachomwe ili wapate kasi, waambiwe kwamba asiyepungukiwa haongezewi kitu na sindano hiyo. Yeye mwenyewe apime hemoglobini na chuma mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya mbio, ili kukiwa na pengo kuwe na muda wa kuliziba. Na ikiwa bado miguu inamyumbisha akifumba macho, achague umbali mfupi unaoanza jua likiwa limechomoza, atembee pale barabara inapoteremka, na amwambie mwenzake mmoja anayekimbia naye kwamba ana tatizo hilo.